Deni ya zamani na nyumba kwenye garanti: ufanye nini wakati wanakushitaki

Baba alikamata mukopo banki, akaweka certificat ya nyumba kama garanti. Kisha vita, volkano ao kifo vikaingilia kati, na deni ikabaki katikati ya njia. Myaka inapita, familia inafikiri mambo yalikwisha. Siku moja huissier anapiga hodi na karatasi ya tribinali. Wengine wanaificha chini ya godoro, wengine wanakimbilia kulipa bila kuuliza kitu. Njia zote mbili zinaweza kupoteza nyumba. Haya hapa ni mambo ya kujua kwanza.

Ipoteki ni nini?

Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni mali ya Leta. Wewe mwenye parseli, haki yako inaonekana kwenye certificat d'enregistrement. Ipoteki (hypothèque) ni haki ambayo mwenye kukopesha anapewa juu ya nyumba ile: usipolipa, anaweza kuomba iuzishwe kwa njia ya sheria, alipwe wa kwanza. Lakini lazima iandikishwe kwa konservateri wa titres immobiliers.

Kwa hiyo, mutu wa « banki lambert » ambaye anashika makaratasi yako ndani ya sanduku lake, bila kuandikisha kitu, hana ipoteki. Deni yake inaweza kuwa ya kweli, na anaweza kukushitaki, lakini hawezi kuingia ndani ya nyumba na kusema imekuwa yake. Hata mwenye ipoteki ya kweli hawezi kujitwalia nyumba ya kukaa bila kupita kwa sheria.

Jambo lingine: kwa sheria ya familia, bwana na bibi wanapashwa kukubaliana wote wawili mbele ya kuweka nyumba kwenye ipoteki. Kama mama hakukubali, mwambie avoka mapema. Ni neno la nguvu.

Karatasi imefika: soma kichwa chake

Andika kwanza tarehe na saa uliyoipokea. Kukataa kuipokea hakusimamishi kesi. Kisha tazama neno lililoandikwa juu:

« Assignation »: unaitwa mbele ya tribinali. Sheria inatoa siku 8 kamili kati ya kupokea karatasi na siku ya kesi. Siku ya kupokea na siku ya kesi hazihesabiwe. Ukiishi mbali na tribinali, siku zinaongezeka.

« Injonction de payer »: hapa juji amekwisha kuamuru ulipe, bila kukusikiliza. Una haki ya kupinga, « opposition », lakini siku ni kidogo sana. Zimeandikwa kwenye karatasi yenyewe. Usilale nayo hata usiku mumoja.

« Commandement » ya saisie immobilière: hii njo mulango wa kuuzisha nyumba. Siku za kulipa ziko ndani yake. Zikipita, karatasi inapelekwa kwa konservateri na kazi ya mnada inaanza. Tafuta avoka siku ileile.

Hata kama deni ni ya kweli, enda. Usipoenda, juji anasikiliza upande mumoja tu. Wakikuhukumu bila wewe kuwa pale, kwa kesi ya kawaida unaweza kufanya opposition ndani ya siku 15 tangu hukumu ilipowekwa mikononi mwako. Apeli ni siku 30.

Kwa wale waliokimbia vita: mutu akikosa anwani, karatasi yake inaweza kubandikwa kwenye mulango wa tribinali, na kesi ikaendelea. Acha ndugu ao jirani wa kuaminika apite kuangalia. Kama hukumu ilitoka bila wewe kupata karatasi mikononi, siku 15 zinahesabiwa tangu ulipoijua. Kwa hiyo ile tarehe unapashwa kuweza kuionyesha.

Deni inazeeka?

Ndiyo, inaweza kuzeeka. Kwa sheria ya zamani ya Kongo, mashitaki ya madeni yanakufa kisha myaka 15. Lakini tangu tarehe 12 Septemba 2012, Kongo iko ndani ya OHADA, na kwa biashara, pamoja na mukopo ambao banki inampa mutu wa kawaida, muda ni myaka 5. Mukopo wa mbele ya 2012 unaleta mabishano kati ya hizo sheria mbili. Hapo usijaribu kuhesabu peke yako. Deni ikikufa, ipoteki nayo inakufa, juu ipoteki inasimama tu kwa nguvu ya deni.

Mambo matatu watu wanasahau:

Juji hatakusemea. Wewe ao avoka wako njo munapashwa kusema kwamba deni imezeeka.

Ukilipa kidogo, hata dola 20, ao ukitia sinyatire kwamba « natambua deni », hesabu inaanza upya tangu ile siku. Mutumishi akikuambia « tia sinyatire tu, tutapanga », omba kwanza kopi na uionyeshe avoka.

Vita inaweza kusimamisha hesabu pia. Mwenye kudai aliyezuiliwa na nguvu isiyoshindika anaweza kuomba muda ule usihesabiwe. Mabanki ya Goma yalipofungwa mwezi wa kwanza 2025, jambo lile linaweza kusemwa na pande zote mbili. Shika bordero na ujumbe wowote unaoonyesha ulijaribu kulipa.

Nyumba iliyomezwa na lava

Swali hili liko Goma tangu Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002, na likarudi kisha ile ya tarehe 22 Mei 2021. Nyumba ikiungua, deni haiungui. Mukopo unabaki, na parseli iliyo chini ya mawe inabaki kwenye certificat pamoja na ipoteki yake. Lakini thamani imebadilika, na kwa kuzungumuza na banki, ile ni sababu ya haki kabisa. Beba picha na karatasi ya shefu wa kartye.

Baba amekufa

Ipoteki inafuata nyumba, haifuati mutu. Watoto wakigawana mbele ya kujua deni, kila mumoja anapokea sehemu yenye shida. Liquidateur wa urithi aende kwanza kwa konservateri kuuliza ni nini kimeandikwa kwenye certificat.

Kama deni ni ya kweli

Omba hesabu kamili kwa maandishi: mukopo wenyewe, interesi, malipo yaliyopokelewa. Linganisha na bordero zako. Juji anaweza kukugawia malipo ao kukungojea, kwa muda usiopita mwaka 1. Umuonyeshe unapata nini kwa mwezi. Ukiona hutaweza, tafuta mwenyewe munununuzi, banki ikikubali. Mara nyingi bei ya mnada ni ya hasara.

Huna pesa ya avoka? Uliza Bureau de consultation gratuite ya Barreau, na uombe karatasi ya indigence kwa wakubwa wa eneo lako. Enda na kopi ya certificat, kontra ya mukopo, bordero zote na ile karatasi ya huissier.

Na ukimaliza kulipa, usitosheke na resu. Omba « mainlevée », uipeleke kwa konservateri afute ipoteki. Pasipo hiyo, certificat itaendelea kusema munadaiwa, na watoto wenu njo watakaofunguliwa mulango na huissier.