Ndege wa Mchangani, Utambuzi wa

Bahari inapokupwa katika hori ya Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, *Charadrius leschenaultii* na *Charadrius mongolus*, wageni kutoka Asia, hula pamoja matopeni, wote kijivu-kahawia mgongoni na weupe tumboni. Wengi huwatenganisha kwa ukubwa wa mwili. Kipimo hicho ni dhaifu, kwani ndege aliye peke yake hana wa kulinganishwa naye. Rangi ya miguu nayo hufichwa na tope. Shahidi bora ni mdomo: wa *leschenaultii* kwa kawaida huzidi umbali wa kutoka shina lake hadi nyuma ya jicho, wa *mongolus* hauzidi. Itasemwa kwamba midomo hutofautiana hata ndani ya spishi moja. Kweli, basi angojewe aruke. Vidole vya *leschenaultii* huchomoza wazi nyuma ya mkia.