Usafi wa barakoa ya kitambaa

Usafi wa barakoa ya kitambaa ni kazi ya kufua, kukausha na kuhifadhi barakoa iliyoshonwa ili iweze kuvaliwa tena na tena bila kunuka wala kumdhuru anayeivaa. Barakoa ya namna hii hufunika pua, mdomo na kidevu. Aghalabu hushonwa kwa pamba, hasa vitambaa vya kitenge au khanga, kwa matabaka mawili au matatu. Ni tofauti na barakoa ya hospitali ya kutupa, ambayo haifai kufuliwa: tabaka lake la kati hunasa chembe kwa msaada wa chaji ya umeme, na chaji hiyo hupotea tabaka likiingia sabuni.

Jina na matumizi

Neno "barakoa" ni la zamani kuliko ugonjwa uliolieneza. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilitaja kifuniko cha uso cha wanawake wa Oman na Zanzibar, kinachoacha macho wazi. Wakati wa janga la UVIKO-19 likapata maana inayojulikana na wengi leo. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba barakoa ya kitambaa iwe na matabaka matatu: la ndani linyonye unyevu kama pamba, la kati lichuje, la nje lisinyonye maji. Siku hizi barakoa hizo huvaliwa pia kujikinga na vumbi la barabara, la kufagia na la mashine za kusaga nafaka.

Chanzo cha harufu

Anayevaa barakoa inayonuka huivuta chini ya pua kila baada ya dakika chache, na barakoa iliyo chini ya pua haimkingi mtu. Kwa hiyo harufu si suala la aibu tu.

Pumzi hutoka na mvuke pamoja na matone madogo ya mate. Mate yana bakteria, na ngozi ya uso huongeza jasho na mafuta. Kitambaa kikibaki na unyevu na joto la mwili, bakteria hao huzaana na kuvunjavunja protini na mafuta, na gesi wanazozitoa ndizo tunazozinusa. Nyingine zina salfa, kama harufu ya yai bovu. Harufu ya nguo iliyoanikwa ikachelewa kukauka nayo hutokana na bakteria, mmojawapo akiwa *Moraxella osloensis*. Poliesta hushikilia mafuta ya mwili kuliko pamba, ndiyo maana barakoa ya poliesta huweza kunuka hata baada ya kufuliwa. Wakati mwingine chanzo ni kinywa chenyewe: kupiga mswaki na kusugua ulimi husaidia kuliko sabuni yoyote.

Kufua

Barakoa mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza, kwa kuwa vitambaa vingi vya dukani vina dondo na rangi inayochuja. Baada ya hapo ifuliwe angalau mara moja kwa siku inapotumika. WHO hupendekeza sabuni na maji ya moto ya nyuzijoto 60 za Selsiasi au zaidi. Maji ya moto yasipopatikana, barakoa ifuliwe kwa sabuni na maji ya kawaida, kisha ichemshwe kwa dakika 1.

Kwanza chujio la ndani, kama lipo, litolewe. Barakoa ilowekwe kidogo, ipakwe sabuni pande zote mbili, kisha ifikichwe kwa upole, hasa sehemu ya mdomo na mishono, kwani ndipo uchafu unapojificha. Kuikamua kwa kuipindapinda hulegeza nyuzi na kupanua matundu. Sabuni hufanya kazi kwa kushika mafuta na kuyachukua pamoja na maji. Kwa njia hiyohiyo huvunja utando wa mafuta unaofunika virusi vya korona.

Penye maji ya kisima yenye chumvichumvi, sabuni ya mche haitoi povu vizuri na huacha utando mweupe kwenye nguo. Hapo sabuni ya unga hufaa zaidi, au maji ya mvua. Suuza mpaka maji yatoke meupe, maana mabaki ya sabuni huwasha ngozi.

Badala ya kuchemsha, barakoa iliyokwisha kufuliwa huweza kulowekwa kwa dakika 1 katika maji ya klorini ya asilimia 0.1. Ikiwa dawa ya kufanyia weupe (wengi huiita jiki) imeandikwa asilimia 3.5, vijiko 6 vya chai kwa lita 1 ya maji vinatosha; isomwe chupa kwanza. Isuuzwe sana baadaye. Dawa hiyo isichanganywe kamwe na siki, dawa ya kusafishia choo wala amonia, kwani hutoa gesi ya sumu. Isitumike kila siku, kwa sababu hula mpira wa masikioni.

Kukausha na kutunza

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa zaidi. Barakoa ianikwe juani, mahali penye upepo, mpaka mishono na mikunjo ikauke kabisa. Msimu wa masika, pasi humalizia unyevu uliobaki kwenye pamba; tabaka la polipropilini lisiguswe na pasi ya moto mwingi, kwani huyeyuka.

Manukato, na hata kufukiza udi kama nguo za Pwani, hufunika harufu bila kuua bakteria, na moshi au kemikali zake huishia puani, jambo baya kwa mwenye pumu. Vilainisha nguo navyo hupunguza uwezo wa pamba kunyonya.

Mtu mmoja anahitaji angalau barakoa 3: ya kuvaa, ya akiba na iliyo kwenye kamba. Iliyolowa ibadilishwe mara moja, iwekwe katika mfuko wake peke yake hadi ifuliwe. Safi ihifadhiwe katika karatasi au kitambaa kikavu. Kuazimana, kunakozoeleka katika mabweni ya shule, hakufai hata kati ya marafiki. Barakoa iliyochakaa hadi mwanga kupenya waziwazi, au iliyolegea mashavuni, haikingi tena hata ikiwa safi.