Kutoka Bomba hadi Basi: Historia ya Mawasiliano ya Programu katika Eneokazi la Linux

Programu mbili zinazoendeshwa katika kompyuta moja ni kama wapangaji wa nyumba moja ambao kila mmoja amefunga mlango wake. Kiini cha mfumo endeshi huzizuia kugusa kumbukumbu ya mwenziwe, na zuio hilo ndilo linaloilinda moja isiangushwe na kosa la nyingine. Hata hivyo, kazi za eneokazi zinazitaka ziongee: betri inapokaribia kwisha, programu inayoonyesha taarifa sharti iambiwe, diski inapochomekwa, programu ya kusimamia faili sharti ipate habari. Makala hii inafuatilia jinsi jamii ya programu huria ilivyoteua njia ya mazungumzo hayo, na inadai kwamba kilichoamua uteuzi huo hakikuwa kasi.

Unix ilikuwa na bomba tangu 1973, na mwaka 1983 toleo la 4.2BSD likaleta soketi. Zana hizi zingali zinatumika. Upungufu wake ni kwamba husafirisha mfululizo wa baiti tu. Mahali ujumbe unapoanzia na kuishia, maana yake, na anayestahili kuupokea ni mambo ambayo kila mwandishi wa programu alilazimika kujiamulia.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kambi mbili kuu za eneokazi zilishika njia tofauti. GNOME ilijenga juu ya CORBA, kiwango kilichokuwa kimetolewa mara ya kwanza mwaka 1991 kwa ajili ya mifumo mikubwa iliyosambaa katika mitandao. KDE nayo ilikijaribu kiwango hicho, ikakiona kizito, ikakiacha na kuunda DCOP, njia nyepesi iliyotumika katika KDE 2 ya mwaka 2000. Kila kambi ilikuwa na sababu zake, lakini aliyeumia ni mtumiaji: programu ya upande mmoja haikuweza kuiita ya upande wa pili, ingawa zote zilikuwa katika kioo kimoja.

Mradi wa D-Bus, ulioanzishwa mwaka 2002 na Havoc Pennington, Alex Larsson na Anders Carlsson, ulikopa mengi kutoka DCOP bila kuifunga njia hiyo kwa kambi yoyote. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2006, na KDE 4 ya Januari 2008 ikaiacha DCOP. Istilahi ya basi, ingawa asili yake ni elektroniki, haimpotezi msomaji wa Kiswahili: chombo hupakia wengi, na kila mmoja hushuka kituoni kwake.

Uaminifu wa D-Bus unatokana na kuwapo kwa mpatanishi mmoja. Jumbe zote hupitia kwake, hivyo mpangilio wake haupinduki. Yeye hutambua mtumiaji aliye nyuma ya kila programu kwa kukiuliza kiini, si kwa kumwamini mwombaji, na programu ikifa ghafla, zilizokuwa zikiitegemea hutangaziwa. Kuna basi la kila mtumiaji na basi la mfumo mzima, lenye sheria kali zaidi. Matini yote sharti yawe katika UTF-8. Kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu sharti hili si dogo, kwani bila hilo jina la faili lingeweza kufika likiwa limevurugika.

Gharama yake ni mwendo. Ujumbe hunakiliwa mara kadhaa kabla ya kufika, na mpatanishi akianguka, mazungumzo yote hukatika. Jaribio la kumhamishia ndani ya kiini, lililoitwa kdbus, lilijadiliwa kwa ukali mwaka 2015 na halikuingizwa katika Linux; wapinzani walihoji usalama wake, na kama ucheleweshaji uliolalamikiwa haungeweza kutibiwa nje ya kiini. Hoja ya pili ilikuwa na uzito. Mpatanishi mpya, dbus-broker, aliandikwa nje ya kiini, akiweka hesabu ya rasilimali zinazotumiwa na kila mtumiaji ili mmoja asiwanyime wengine, na Fedora 30 ya mwaka 2019 ikamfanya chaguo-msingi. Programu za zamani ziliendelea kuongea bila kuandikwa upya, kwa kuwa maelezo ya itifaki yalibaki yaleyale.