Maua ya Wiki Mbili, Majani ya Msimu Mzima

Mtufaha wa mapambo ni mti mdogo, jamaa wa mtufaha wa kawaida, wenye vitunda visivyozidi sentimita tano. Huko Amerika Kaskazini hupandwa kwa ajili ya maua yake ya majira ya kuchipua, na historia yake kwa kawaida husimuliwa kama historia ya maua. Hoja yangu ni kwamba funzo lake kubwa limo katika majani. Kwa miongo mingi wazalishaji na wauza miche waliupima mti kwa uzuri unaodumu wiki moja au mbili, na hasara ya kipimo hicho ikawaangukia waliobaki nao mwaka mzima.

Asili ya biashara hii ni Asia. Charles Sprague Sargent, mkurugenzi wa kwanza wa Arnold Arboretum, bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoanzishwa mwaka 1872, alikwenda Japani mwaka 1892 na kuupata mtufaha mfupi ambao leo unaitwa kwa jina lake. Kutoka Asia ya Kati ulikuja mtufaha wa Niedzwetzky, mwekundu kuanzia ua hadi nyama ya tunda. Niels Hansen wa South Dakota aliuchanganya na mtufaha wa Siberia uliozoea baridi kali, akapata Hopa, uliotolewa mwaka 1920. Mwaka huohuo Isabella Preston aliajiriwa katika shamba la majaribio la serikali huko Ottawa, ambako alizalisha kundi la mitufaha ya aina hiyo na kuipa majina ya maziwa ya Kanada. Kazi yao si ya kubezwa, maana iliwapa watu wa nyanda za baridi rangi ambayo hawakuwa nayo. Hata hivyo Hopa, uliopendwa na kupandwa kwa wingi, haukuweza kuhimili kuvu wa Venturia inaequalis, anayetia majani madoa meusi. Ikifika katikati ya kiangazi, mti uliokuwa fahari ya mtaa mara nyingi ulikuwa umepukutika.

Kinga, kumbe, ilikuwa tayari bustanini. Huko Illinois, C. S. Crandall aliuchanganya mtufaha wa mapambo wa Kijapani, Malus floribunda, na tufaha la kuliwa liitwalo Rome Beauty. Katika miaka ya 1940 L. F. Hough alibaini kwamba baadhi ya wajukuu wa ndoa hiyo walibaki safi miti jirani ikiugua. Kutokana na ukoo huo likapatikana tufaha la Prima, mwaka 1970. Aliyeyatazama majani ndiye aliyeiona hazina ambayo wapenda maua waliipita kila mwaka.

Wapo watakaosema mchagua jembe si mkulima: dawa ipo, basi mti wowote unaweza kutunzwa. Lakini kuvu huyu hudai dawa mara kadhaa kila msimu, kuanzia machipukizi yanapofunguka, na si rahisi kuupulizia mti mrefu wa barabarani kila mwaka. Wengine watasema kinga nayo huvunjika, na ni kweli: huko Ulaya zimejitokeza aina za kuvu zinazoishinda ile ya floribunda. Hilo halirudishi heshima ya kipimo cha zamani. Linatutaka tuchanganye aina badala ya kujaza mtaa mti mmoja, tupande penye jua na upepo, na tuzoe majani yaliyoanguka, kwa kuwa ndimo kuvu hupitisha baridi. Wala afya haimnyimi mtu uzuri: Prairifire, uliotolewa na Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1982, una maua mekundu na majani yanayostahimili ugonjwa. Kwa hiyo anayetaka kununua mche autazame mti mzima wa aina hiyo mwezi Agosti, si Mei, kwani matunzo huanza siku ya kuchagua.