Ng'ombe Waligawanywa, Malisho Yakabaki

Tarehe 1 Aprili 1954 Mwami (mfalme) wa Rwanda, Mutara III Rudahigwa, alitoa amri ya kuvunja ubuhake. Kwa vizazi vingi mnyonge alikuwa akipewa ng'ombe na mkubwa, naye akilipa kwa utumishi usio na mwisho. Sasa shebuja (bwana) na mgaragu (mtumishi) wake waliambiwa wakae, wakubaliane, wagawane mifugo, kila mtu ashike njia yake.

Huku Kinyaga, nchi ambayo leo ni wilaya za Rusizi na Nyamasheke, habari hiyo iliwakuta watu wenye jeraha jingine. Babu zao walifyeka msitu kwa mikono yao, na shamba likawa mali ya ukoo uliolifungua. Enzi za Mwami Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, watawala kutoka ikulu walikuja wakashika vilima, na mjukuu wa aliyefyeka akajikuta analimia ardhi ya mwingine. Ukaja uburetwa: katika juma la siku tano, siku mbili jembe lilikuwa la chifu. Tena wakulima Wahutu ndio waliobebeshwa mzigo huo.

Wakoloni Wabelgiji waliukaza mnyororo. Zamani kilima kimoja kiliweza kuwa na chifu wa ardhi, chifu wa malisho na chifu wa jeshi, na aliyeonewa na mmoja alikimbilia kwa mwenzake. Kuanzia 1926 vyeo hivyo vilikusanywa mikononi mwa mtu mmoja. Wengi wakavuka mto Rusizi kutafuta kibarua Bukavu. Uburetwa wenyewe ulifutwa mwaka 1949.

Hata hivyo, amri ya 1954 iliishia nusu ya njia. Ibikingi (umoja igikingi), yaani maeneo makubwa ya malisho, hayakuguswa. Mtu aliondoka na ng'ombe wake mwenyewe, kisha jioni akarudi kwa shebuja yuleyule kuomba nyasi. Hapo ndipo naona udhaifu wa mageuzi ya hiari: mkubwa aliachia kile alichoweza kukikosa. Manifesto ya Bahutu ya Machi 1957 ililiweka suala la ibikingi na umiliki wa ardhi miongoni mwa madai yake.

Madai hayo hayakupata muda wa kujadiliwa. Rudahigwa alifariki Julai 1959, na Novemba ukawaka moto wa ghasia dhidi ya Watutsi. Waliofukuzwa hawakuwa machifu peke yao. Familia nyingi za Watutsi zisizokuwa na igikingi wala cheo, maskini sawa na majirani zao, zilikimbilia Kongo na Burundi, na mashamba yao yakagawiwa wengine. Dhuluma hiyo haikurekebishwa. Mkataba wa amani wa Arusha wa 1993 uliwataka waliokaa ugenini zaidi ya miaka kumi wasidai mashamba yaliyokwisha kukaliwa.

Baada ya 2009 serikali ilipima na kuandikisha vipande zaidi ya milioni kumi nchi nzima, na wake waliofunga ndoa kisheria wakaandikwa pamoja na waume zao. Lakini sheria ya 2005 ilikataza kukata shamba lisilozidi hekta moja, na vilimani Rusizi kaya nyingi hazifikishi hata hiyo hekta. Watoto wakaendelea kugawana urithi, mipaka ikijulikana kwa wanafamilia na majirani, bila hati.