Sauti na Picha Kabla ya Maktaba: Historia ya Kujifunza Embu

Chuo Kikuu cha Embu kiko kando ya barabara iendayo Meru, katika eneobunge la Manyatta, chini ya miteremko ya Mlima Kenya yenye kahawa na chai. Kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili Oktoba 7, 2016, lakini mizizi yake ni taasisi ya kilimo iliyoanzishwa 1947. Kwa hiyo ukitafuta chanzo cha huduma za sauti na picha katika maktaba ya chuo kama hiki, usianzie kwenye kompyuta. Anzia shambani.

Meru na Embu zilikuwa kati ya sehemu za kwanza nchini ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukapanua mazao ya biashara zaidi. Mkulima alihitaji kujua kupogoa, kuzuia mmomonyoko na kutambua ugonjwa wa matunda ya kahawa. Kijitabu cha Kiingereza kingemsaidia nini mtu ambaye hakupata kusoma?

Jibu lilikwisha kujaribiwa. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri huko Tanganyika, ulitengeneza filamu 35, kadhaa zikiwa za kilimo na afya. Sauti ilitoka kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha, na filamu zikazungushwa hadi Kenya na Uganda. Baadaye magari ya sinema ya serikali yalipita vijijini, mengine yakibeba propaganda za ukoloni pamoja na mafunzo.

Baada ya Uhuru, redio ikashika usukani. Mwaka 1967 kilianzishwa kitengo cha masomo kwa njia ya posta huko Kikuyu, chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Mwanafunzi alipokea vitabu, akasikiliza vipindi vya Sauti ya Kenya, kisha akatuma kazi zake zisahihishwe. Mwalimu wa kijijini aliweza kuendelea na masomo bila kuacha darasa lake.

Maktaba za kilimo zilipata msukumo mpya 1999, Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilipotoa TEEAL, mkusanyiko wa majarida ya kilimo katika sidii. Ulisomeka bila intaneti, jambo kubwa kwa vyuo visivyokuwa na mtandao wala fedha za kulipia majarida. Mwaka 2003 maktaba za Kenya ziliunda muungano wa KLISC ili zigawane gharama za machapisho ya kielektroniki. Nyaya za baharini zilipofika Mombasa 2009, kasi ya intaneti ilipanda. Mwaka 2020, korona ilipofunga vyuo, maktaba ya mtandaoni ndiyo iliyobaki wazi.

Leo Chuo Kikuu cha Embu kina hifadhi ya kidijitali ya tasnifu na makala za watafiti wake. Hatua inayofuata iko karibu. Familia zilizopanda kahawa ya mwanzo zingali na wazee wanaoweza kusimulia, kwa Kiembu na Kimeru, namna mbegu zilivyogawiwa na namna vyama vya ushirika vilivyoanza. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kuwarekodi. Maktaba ipokee rekodi hizo, iziorodheshe na kuzitunza kama inavyotunza tasnifu.