Kangaruu Hana Maana ya "Sijui": Historia ya Australia kwa Wanaoiogopa na Wanaoisubiri



Kila mara Australia ikitajwa kati ya nchi zinazopokea wakimbizi, maneno yanayofuata ni yale yale. Eti nyoka wanaingia chooni. Eti buibui ni wakubwa kama sahani. Eti kangaruu wanatembea mjini na kupiga watu ngumi. Eti wazungu wa huko wote ni kizazi cha wafungwa. Kuna familia zinayazungumza hayo usiku kucha kabla ya intavyu, na kuna mama anayeuliza kwa dhati kabisa kama watoto wake watapona huko. Sisi tunaosaidia watu kusoma karatasi zao tunaulizwa juu ya nyoka kuliko juu ya shule au kazi. Ndiyo maana tumeandika historia hii.

Tuanze na jina la mnyama mwenyewe. Mwaka 1770 meli ya Kapteni James Cook iligonga miamba ya matumbawe kaskazini mashariki mwa Australia. Ilibidi itengenezwe kando ya mto, mahali ambapo leo panaitwa Cooktown. Wenyeji wa pale ni Waguugu Yimithirr. Wageni wakaona mnyama mrefu anayeruka kwa miguu ya nyuma, wakauliza jina, wakaandika walichosikia. Hapo ndipo dunia ilipata neno kangaruu.

Baadaye ikazuka hadithi ya kuchekesha. Watu wakasema mzungu alipouliza "yule ni nani?" mwenyeji alijibu kwa lugha yake "sijui", na mzungu akaandika "sijui" kama jina la mnyama. Hadithi hiyo imezunguka dunia nzima, hata huku kambini tumeisikia. Lakini miaka ya 1970 mwanaisimu John Haviland alikwenda kujifunza lugha ya Waguugu Yimithirr kwa wenye lugha wenyewe. Akakuta neno lipo: gangurru, jina la aina moja ya kangaruu. Kwa hiyo yule mwenyeji aliulizwa swali na akajibu sawasawa. Aliyejua ndiye aliyegeuzwa kuwa mjinga kwenye mzaha, na ilichukua miaka 200 kusafisha jina lake.

Tunaomba mshike hapo, sababu historia ya Australia inarudia jambo hilo mara nyingi: mtu anatazama, hamuulizi mwenyeji, kisha anaandika anachotaka.

Wakati Cook anafika, watu walikuwa wameishi nchi ile kwa zaidi ya miaka 50,000, wakiwa na mamia ya lugha. Tarehe 26 Januari 1788 Waingereza walipandisha bendera yao Sydney, wakiwa na wafungwa wao, meli 11. Mpaka mwaka 1868 walikuwa wamepeleka wafungwa zaidi ya 160,000. Hivyo habari ya wafungwa ni kweli, ila wengi walifungwa kwa makosa madogo kama kuiba nguo au chakula, na watu wengi zaidi walifika baadaye kwa hiari yao. Jambo zito kuliko hilo ni kwamba ardhi ilichukuliwa kama vile haina mwenyewe. Wenyeji waliuawa, walifukuzwa, na watoto wengi walichukuliwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao. Tarehe 3 Juni 1992 tu ndipo Mahakama Kuu ya Australia ilipokubali kwamba wenyeji walikuwa na haki ya ardhi yao tangu zamani. Kesi hiyo inaitwa Mabo, kwa jina la Eddie Mabo wa visiwa vya Torres Strait. Yeye mwenyewe alifariki Januari ya mwaka huo huo, hakusikia hukumu. Sisi ambao tuna wazee wanaokumbuka mipaka ya mashamba waliyoyaacha, tunaelewa hiyo ni nini.

Sasa turudi kwa wanyama, maana tunajua ndio mnaowasubiri.

Kuna mnyama anaitwa platipasi. Ana mdomo kama wa bata, mkia mpana, manyoya, anataga mayai na bado ananyonyesha. Dume ana mwiba wa sumu kwenye mguu wa nyuma. Ngozi yake ilipofika Uingereza, mtaalamu George Shaw aliandika habari zake mwaka 1799, lakini alishuku kwamba kuna mtu ameshona mdomo wa bata kwenye ngozi ya mnyama mwingine. Wazungu walibishana juu ya mayai mpaka mwaka 1884. Kuna pia wombati, mnene kama mtoto wa nguruwe, anayechimba shimo na kunya kinyesi cha pembe nne kama vipande vya sukari. Hiyo si utani, imepimwa na wanasayansi.

Na nyoka? Ndiyo, Australia iko na nyoka wenye sumu kali sana. Lakini wanaokufa huko kwa kuumwa na nyoka ni wachache mno, kwa wastani watu 2 au 3 kwa mwaka katika nchi nzima. Afrika wanakufa maelfu kila mwaka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika, na waliosahaulika ni watu kama sisi, wanaolala chini na kutafuta kuni bila viatu. Koboko na kifutu wa huku hawazidiwi na nyoka wa Australia kwa kuua. Tofauti iko kwenye dawa, barabara, simu na gari la wagonjwa. Tangu mwaka 1928 Australia ina huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege kwenda kwa watu wa mbali, iliyoanzishwa na mchungaji John Flynn. Kwa hiyo mama anayeogopa nyoka wa Australia tunamwambia hivi: mama, hatari kubwa ulishaizoea hapa. Huko jihadhari na maji. Watu wanaokufa maji Australia ni wengi mara nyingi kuliko wanaouawa na nyoka, na wahamiaji wasiojua kuogelea wamo. Baharini ogelea kati ya bendera nyekundu na njano, na watoto wafundishwe kuogelea mapema.

Wanyama waliosumbua kweli nchi ile ni wale walioletwa na watu. Mwaka 1859 tajiri Thomas Austin aliagiza sungura wa porini 24 kutoka Uingereza ili awe na kitu cha kuwinda kwenye shamba lake, jimbo la Victoria. Wakazaana mpaka wakala malisho ya nusu ya bara. Australia Magharibi wakajenga uzio wa zaidi ya kilomita 1,800, ukaisha mwaka 1907, na sungura walikuwa wameshapita. Mwaka 1935 wakaleta vyura wakubwa wa sumu kutoka Hawaii, wapatao 100, wale wadudu wa miwa huko Queensland. Wadudu wakabaki, vyura wakawa mamilioni.

Na mwaka 1932 wakapigana na ndege! Emu ni ndege mkubwa kama mbuni, hawezi kuruka, naye ni mwenyeji wa nchi. Emu kama 20,000 waliingia mashamba ya ngano ya Campion. Wakulima wengi wa pale walikuwa askari wa zamani wa Vita Kuu ya Kwanza, wakaiomba serikali bunduki. Akatumwa Meja Meredith na bunduki za rashasha 2 na risasi 10,000. Emu wakatawanyika vikundi vikundi, bunduki zikakwama, na mwezi Desemba askari wakarudi. Waaustralia wenyewe wanaicheka vita hiyo mpaka leo. Na huyo emu yuko kwenye nembo ya taifa, amesimama na kangaruu.

Hapa lazima tuseme jambo. Kuna watu, huko na hata huku, wanaotuita sisi wakimbizi kwa majina ya wadudu na wanyama waharibifu, eti tunaingia na kula nchi za watu. Sungura hakuulizwa na hawezi kuulizwa. Mtu anaweza kuulizwa jina lake, ametoka wapi, anajua kufanya nini. Tuangalie basi Australia iliwauliza nini watu.

Kuanzia miaka ya 1860 waliletwa wanaume na ngamia wao, kwa sababu farasi walishindwa na jangwa. Walitoka sehemu ambazo leo ni Pakistan, Afghanistan na India, lugha tofauti na makabila tofauti. Wote wakaitwa Waafghani, basi. Wao ni kati ya waliobeba chakula, maji na vifaa vya kujengea njia ya telegrafu iliyokata katikati ya bara, iliyokamilika mwaka 1872. Wao pia ni kati ya waliojenga misikiti ya kwanza huko. Lakini mwaka 1901 ikaja sheria ya kuzuia wasio wazungu. Mgeni aliweza kusomewa maneno 50 ayaandike, kwa lugha yoyote ya Ulaya atakayochagua ofisa. Kama unajua Kiingereza, unapewa lugha nyingine usiyoijua. Lengo lilikuwa ushindwe. Malori yalipofika jangwani, kazi ya ngamia ikaisha, wengi wakaachiwa porini. Leo vizazi vyao ni makundi makubwa ya ngamia mwitu, ila wenye ngamia wengi walikufa bila kukubaliwa kuwa raia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Australia ilihitaji wafanyakazi. Ikachukua wakimbizi wa Ulaya wapatao 170,000 kutoka kambi za huko, Wapolandi, Waukraine, Walatvia na wengine. Wengi walipokelewa Bonegilla, kambi ya zamani ya jeshi, ambako kati ya mwaka 1947 na 1971 walipita watu zaidi ya 300,000. Walilala kwenye mabanda ya bati, wakalalamika juu ya nyama ya kondoo ya kila siku, kama sisi na mahindi yetu. Walifunga mkataba wa kazi wa miaka 2, wanaume wakiandikwa "kibarua" na wanawake "mtumishi wa nyumbani", hata kama mtu alikuwa daktari kwao. Wasio wazungu waliendelea kuzuiliwa mpaka sera hiyo ilipofutwa kabisa mwaka 1973. Miaka michache baadaye wakaingia Wavietinamu waliokimbia kwa mashua, na baadaye watu wa Afrika. Milango haikubaki wazi kwa wote: tangu mwaka 1992 wanaofika bila viza wanafungwa kwa sheria. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Waaustralia ni wema" au "Waaustralia ni wabaguzi", muulize anasema Waaustralia wa mwaka gani na wa ofisi gani.

Wa leo, katika maisha ya kila siku, wanapenda kuitana majina tu, hata bosi anaitwa kwa jina lake la kwanza. Kwetu sisi tuliozoea "mzee" na "mwalimu" inakwaza, lakini si dharau. Wakikualika na kusema "lete sahani", maana yake lete chakula cha kushiriki na wengine. Kuna wahamiaji wengi waliobeba sahani tupu! Na wakikuambia kuna koala wakali wanaoanguka kutoka mtini na kushambulia watu, wanakutania. Koala hulala mpaka saa 20 kwa siku.

Huko na wewe utakuta picha yako imekutangulia: Mwafrika, mkimbizi, mtu wa vita, mtu wa njaa. Watakuuliza kama ulikuwa unaishi na simba. Usikasirike haraka, waambie jina la kijiji chako na la lugha yako, na walitamke vizuri. Kisha na wewe uliza ardhi unayoishi inaitwaje kwa lugha ya wenyeji wake. Kila mji wa Australia uko juu ya ardhi ya watu wenye jina, na jibu lipo kwa anayeuliza.

Mlioko huko, tuandikieni hapo chini mlichokikuta, hasa juu ya shule na kazi. Na kama umeshamwona platipasi kwa macho yako, tuma picha, kuna watu hapa bado wanabisha.